Nitrati 80: mchawi alikuwa kwenye ndoo ya maji ya kisima

Kama kipimo cha nitrati cha tangi lako la samaki wa baharini kinasoma 80 (miligramu kwa lita) na kila Jumamosi unabeba madumu mpaka kiuno kinalia, soma hapa kabla hujarudi tena baharini.

Nina tangi la lita 200 nyumbani Mikindani: kangaja mmoja, vitatange wawili, na kaa wadogo wanaohamahama kwenye makombe. Sisi wa Mtwara tuna bahati, maji ya chumvi tunachota bure wakati mwenzetu wa Dodoma ananunua chumvi ya pakiti. Basi nitrati ilipopanda sikushtuka. Nilitoa lita 40 kila wiki, nikarudisha lita 40. Kwenye karatasi hesabu ni tamu: 80 inashuka hadi 64, kisha 51, 41, 33. Kwangu, baada ya wiki nne, ikasoma 60. Nikasafiri wiki mbili, nikarudi nikaikuta 80 ileile inanisubiri.

Nitrati ni mwisho wa safari. Kinyesi na chakula kilichooza hutoa amonia, bakteria wanaigeuza nitriti, wengine wanaigeuza nitrati, na hapo inabaki inajilimbikiza. Samaki wengi huivumilia kuliko amonia, ila mwani mchafu hushangilia, na mwenye matumbawe hulia mapema.

Nikaanza kupima kila kinachoingia. Maji ya bahari: karibu sifuri. Nayachota maji yakijaa, mbali na mifereji, na si siku ya mvua. Mzee mmoja mvuvi ndiye aliyenifundisha. Alinikuta nachota karibu na wanapoparua samaki, nikampa shikamoo, akaitikia kisha akaniuliza, "Mwanangu, hayo unampelekea samaki au unampelekea supu? Ngoja bamvua."

Kisha nikapima maji ya kisima. Joto letu hili linanikausha kama lita 3 kwa siku, nami nilikuwa najazia kwa maji ya kisima cha uani. Kipimo kikasoma 40. Nilirudia mara mbili nikidhani nimekosea matone. Sasa piga hesabu: kinachopaa ni maji matupu, chumvi na nitrati vinabaki. Lita 3 mara miligramu 40 ni miligramu 120 kila siku. Gawa kwa lita 200, tangi linapanda 0.6 kwa siku, yaani 18 kwa mwezi, hata samaki wasile kitu. Visima vifupi karibu na vyoo vya shimo huwa hivyo. (Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni 50, kwa hiyo kisima changu hakikuwa kimevuka. Lakini nyumbani sasa tunakipima mara kwa mara.)

Siku hizi najazia maji ya kunywa ya madumu makubwa, baada ya kuyapima, na masika nakinga mvua kwa beseni mahali peupe. Ya kwenye bati usiyatumie. Zinki ya mabati huua kaa na konokono.

Mchawi wa pili alikuwa uduvi. Nilikuwa nautumbukiza ukiwa bado na barafu, pamoja na majimaji yake yote. Sasa nauyeyusha kwenye kikombe, nauchuja kwa kichujio cha chai, nausuuza, natupa maji. Na nalisha kidogo, kinachokwisha ndani ya dakika mbili tatu. Kitatange atakuangalia kana kwamba hajala tangu juzi. Usimwonee huruma.

Sifongo la chujio nilikuwa sigusi kwa miezi, nikiamini nalinda bakteria. Uchafu ulionaswa pale unaendelea kuoza, na maji yanapita juu yake usiku na mchana. Likamue kila wiki ndani ya ndoo ya maji uliyotoa kwenye tangi. Usitumie maji ya bomba yenye klorini.

Mwani unasaidia sana. Konzi moja ya mwani wa nyuzi za kijani, kwenye boksi la pembeni lenye taa na maji yanayozunguka, hunyonya nitrati unavyokua. Ila lazima uvune na kutupa. Ukiuacha ufe humo, umerudisha ulichotoa. Mawe na mwani usiende kuvitafuta ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi.

Siki nilijaribu pia, maana inalisha bakteria wanaokula nitrati. Nilizidisha. Asubuhi maji yalikuwa meupe kama tui, samaki wanahema juu, umeme nao umekatika. Bakteria wale hutumia oksijeni nyingi. Kama huna mashine ya povu, ile inayotoa uchafu kwenye maji kwa mapovu ya hewa, siki iache jikoni.

Mwisho, usiishushe kwa pupa. Samaki aliyezoea 80 ukimbadilishia nusu ya tangi kwa siku moja anaweza kupata mshtuko. Asilimia 20 kwa wiki inatosha, chumvi na joto vikilingana. Na chupa za vipimo zitikise kwa nguvu, hasa ile yenye unga unaotuama, la sivyo utasomewa 10 ya uongo ukashangilia bure. Tangi langu limechukua miezi mitatu kufika 15, na madumu sasa nabeba mara moja kila wiki mbili.