Kabla Hujasaini Barua ya Udahili wa Sanaa za Mapambo, Soma Mwongozo wa Wanafunzi

Wiki iliyopita msomaji wangu mmoja aliniandikia: "Dada, shikamoo. Nimepata nafasi ya uzamili katika sanaa za mapambo, yaani kuchunguza samani, vyombo na vitambaa vya kale. Barua inasema ada imefutwa na posho ipo. Kazini wanataka jibu mwisho wa mwezi. Niache kazi?" Nilimuuliza swali moja tu: umeusoma mwongozo wa wanafunzi, kile kitabu chenye kanuni zote za kozi? Akasema hajauona, ila barua ya udahili ina kurasa mbili na ameshaikariri.

Mdogo wangu, nanyi nyote mnaoiota fani hii, barua ya udahili ni ya kukukaribisha tu. Ukishafika, utaishi na mwongozo. Nasema hivi kwa sababu shahada hii niliimaliza, tena niliimaliza vizuri, na palipokuwa pagumu niliokolewa na vifungu nilivyovipigia mstari kabla hata sijafunga virago.

Kuna jambo ambalo wengi hawaelezwi. Kozi nyingi zenye jina katika fani hii zimefungamana na makumbusho. Makumbusho ya Winterthur ya Marekani yanafundisha uzamili pamoja na Chuo Kikuu cha Delaware tangu 1952, mwaka mmoja baada ya nyumba hiyo ya tajiri Henry Francis du Pont kufunguliwa kwa umma. Kule London, makumbusho ya Victoria and Albert na chuo cha Royal College of Art walianza kozi yao ya pamoja ya historia ya ubunifu mwaka 1982. Makumbusho ya Cooper Hewitt ya New York yalishirikiana na chuo cha ubunifu cha Parsons. Taasisi ya uzamili ya Bard Graduate Center, iliyoanzishwa na Susan Weber mwaka 1993 katika jiji hilohilo, ina ukumbi wake wa maonyesho. Kwa hiyo mwanafunzi anaishi chini ya kanuni za wakubwa wawili. Chuo kina kanuni za alama, ada na viza. Makumbusho yana kanuni za funguo, mifuko, kalamu na mikono. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Hapa wanakaa, na wewe ndiye unayepita katikati yao kila siku.

Kanuni za makumbusho ndizo zitakazokubadilisha kwanza. Nitakaa hapo kidogo, kwa kuwa ndipo nilipoipenda fani. Chumba cha kukagulia vitu unaingia na penseli tu. Kalamu ya wino inabaki kabatini pamoja na mfuko, koti na chupa ya maji. Pete na bangili zinavuliwa. Kitambulisho kinachoning'inia kifuani kinageuzwa mgongoni kisije kikagonga chombo. Kiti hakinyanyuliwi kwa mikono yake wala kwa ubao wa juu wa mgongo, kwani maungio ya sehemu hizo ndiyo huachia mapema. Unashika fremu ya sehemu ya kukalia kwa mikono yako miwili. Birika la chai halishikwi mkono wake. Kifuniko kinatolewa kwanza na kuwekwa pembeni, kisha kiganja kimoja kinakaa chini ya kitako. Chombo cha fedha kinashikwa kwa glavu za nitrili, maana chumvi na mafuta ya vidole huila fedha na kuacha alama. Kaure iliyong'arishwa, mara nyingi, hushikwa kwa mikono mitupu iliyooshwa na kukaushwa, kwa sababu glavu huteleza. Vitambaa vya kale vinatazamwa kwenye mwanga hafifu, kipimo cha kawaida kikiwa luksi 50, na muda wako nao unahesabiwa.

Baadhi ya wenzangu waliziona kanuni hizi kuwa usumbufu. Mimi nilizisoma mpaka nikazijua sababu zake, na sababu hizo zikanifundisha kutazama. Anayejua kwa nini kiti kinashikwa pale, ameshajua kilivyoundwa. Siku moja mwalimu alituwekea meza ya duara akauliza kama ni ya kale au ni nakala ya karibuni. Wenzangu walianza kuzungumzia mtindo wa miguu. Mimi niliomba tepu. Nikapima uso wa meza kwa kufuata nyuzi za mbao, kisha nikapima kwa kuzikata nyuzi hizo, na vipimo havikulingana. Mbao husinyaa zaidi kwa upana kuliko kwa urefu wa nyuzi zake, hivyo uso uliokatwa duara kamili hupungua kidogo kipimo chake cha kukata nyuzi miaka inavyopita. Tukachungulia chini: alama za msumeno zilikuwa zimenyooka, hazina mpindo unaoachwa na msumeno wa duara ulioenea katika karne ya 19. Mwalimu akawageukia wengine akasema, "Hivyo ndivyo kitu kinavyosomwa." Najivunia siku ile mpaka leo, na sioni haya kusema.

Charles Montgomery, mmoja wa waliojenga kozi ya Winterthur, aliacha orodha ya hatua 14 za kukagua kitu, kuanzia mwonekano wake wa jumla, kupitia mali ghafi, ufundi na historia ya waliokimiliki, hadi thamani yake. Jifunze kutazama kwa utaratibu wa namna hiyo kabla hujafika. Kitu chochote chenye maungio kinakutosha kwa mazoezi.

Sasa pesa, na hapa ndipo nilipoumia.

Barua yangu ilisema nitapewa posho ya mwaka wa masomo. Mwongozo, katika sura ya ufadhili, ulifafanua kwamba mwaka wa masomo ni miezi tisa. Sura ya mafunzo kwa vitendo nayo ikasema kila mwanafunzi lazima afanye kazi katika makumbusho, jumba la mnada au nyumba ya kihistoria wakati wa likizo ndefu, yaani katika miezi ileile isiyo na posho. Nafasi nyingi tulizotajiwa zilikuwa hazilipi. Sura hizo mbili ziliachana kurasa nyingi, na ukiisoma moja bila nyingine huoni tatizo. Ziara za masomo pia zilikuwa na kanuni yake: unalipa kwanza nauli na malazi, risiti unazipeleka ofisini, unarudishiwa baadaye. Kwa mwenye akiba hilo si neno. Kwa asiye nayo, ziara moja inamvurugia mwezi mzima.

Na usidhani utaziba pengo kwa kibarua. Marekani, mwenye viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni, asiye na kibali maalumu hufanya kazi ndani ya chuo tu, isiyozidi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Uingereza nako kikomo cha mwanafunzi wa shahada ni saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Hata mafunzo kwa vitendo yanayolipwa nje ya chuo, kwa mwenye F-1, yanahitaji kibali kilichotoka kabla ya siku ya kwanza ya kazi.

Mimi nilikuwa nimekiona kifungu kifupi kilichosema kamati ya masomo inaweza kukubali kazi mbadala yenye uzito uleule wa kitaaluma. Nikaandika maombi. Badala ya kwenda kufanya kazi bure mji mwingine, niorodheshe viti vilivyo katika ghala la makumbusho yetu wenyewe, kwa malipo ya msaidizi. Jibu la kwanza nilipewa kwenye korido, kwa mdomo: haiwezekani. Mhadhiri mmoja akaongeza, mbele ya wenzangu, kwamba watu hawaji katika fani hii kwa ajili ya pesa. Waliocheka ni wale waliokuwa wakilipiwa kodi na wazazi wao.

Sikubishana pale. Nilirudi chumbani nikaandika barua pepe, nikataja kifungu kwa namba yake, nikaomba uamuzi wa kamati kwa maandishi. Uamuzi ulipokuja, nilikuwa nimekubaliwa. Kazi ile ya ghalani ilinipa mada ya tasnifu, ikanipa barua ya mapendekezo kutoka kwa mtunza mkusanyo, yaani msimamizi wa vitu vya makumbusho, na ndiyo iliyonipatia ajira yangu ya kwanza. Lakini neno la korido bado linaniuma. Fani hii imejengwa juu ya mikusanyo ya matajiri. Cooper Hewitt yenyewe ilianzishwa mwaka 1897 na wajukuu wa Peter Cooper, mwenye viwanda. Siwalaumu, maana bila mikusanyo hiyo tusingekuwa na cha kusoma. Ila kanuni zinazoandikwa na watu wasiowahi kukosa kodi ya nyumba huisahau kodi ya nyumba, na ni wewe utakayewakumbusha, kwa adabu na kwa namba ya kifungu.

Muhula wa tatu ulikuwa wa kusoma na kuandika tu, sitawachosha nao. Mwanzoni mwa wa nne msimamizi wangu alichukua likizo ya utafiti, na hakuna aliyeniarifu mpaka nilipoona mlango wake umefungwa. Mwongozo ulikuwa umeeleza kwamba kila tasnifu ina msomaji wa pili, na kwamba msimamizi akiondoka msomaji huyo anashika nafasi yake. Nilipeleka ukurasa huo ofisini asubuhi iliyofuata. Mwenzangu aliyekuwa chini ya msimamizi huyohuyo alisubiri aitwe. Aliongezewa muda, akalipa ada ya kuendelea kusajiliwa, akamaliza baada yetu sote. Alikuwa na akili kunishinda, na nilimwambia mapema aende ofisini.

Kwa hiyo, ndugu zangu, someni. Ombeni mwongozo mzima kwa barua pepe kabla ya kusaini chochote. Wakisema unapatikana baada ya usajili, ombeni wa mwaka uliopita. Someni sura ya ufadhili na sura ya mafunzo kwa vitendo kwa pamoja, kalenda ikiwa mbele yenu, mhesabu ni miezi gani haina kitu. Kama barua inasema ufadhili utapitiwa kila mwaka, ulizeni unapitiwa kwa vigezo gani na nani anaamua. Mara nyingi kuna wastani wa chini wa alama, na kozi moja usiyoikamilisha kwa wakati inaweza kuugusa. Jibu lolote la mdomo liandikie barua pepe ya kuthibitisha: "Kama tulivyozungumza leo, nimeelewa kwamba..." Asiyekujibu amekuachia maandishi, na maandishi utayahitaji.

Someni pia kanuni za kuahirisha masomo mkiwa bado wazima, maana mgonjwa hana nguvu za kupekua kurasa. Mwenye viza ya F-1 asiache somo lolote litakalomshusha chini ya mzigo kamili kabla ofisa wa chuo anayehusika na wanafunzi wa kigeni hajaidhinisha. Ukiacha kwanza na kuomba baadaye, umeshaivunja viza. Lugha nayo isisahauliwe. Kuna kozi zinazodai usome Kifaransa au Kijerumani kwa kiwango cha kufanya mtihani wa tafsiri, na ukichagua kaure ya Meissen ya Ujerumani, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1710, utakutana na Kijerumani utake usitake.

Kabla ya kupeleka mada ya tasnifu, muulize mtunza mkusanyo kama kitu unachotaka kukiandikia kitakuwepo. Vitu huazimwa kwa maonyesho ya mbali, hupelekwa kwa mafundi wa uhifadhi, ghala hufungwa kwa ukarabati, na chuo hakikuongezei muda kwa sababu ya kabati lililosafiri. Uliza pia taratibu za miadi, maana baadhi ya maghala hutaka ombi wiki kadhaa kabla.

Na picha. Picha ulizopiga ghalani kwa ajili ya kujifunza si lazima ziwe na ruhusa ya kuchapishwa. Soma fomu uliyosaini siku ya kwanza, kwa kuwa ndiyo inayosema. Makumbusho mengine hutoza ada kwa kila picha itakayochapishwa, na ada hiyo inatoka mfukoni mwako. Unapotafuta vitu vya kulinganisha, anza na mikusanyo iliyofungua picha zake kwa matumizi huru: Metropolitan Museum of Art ya New York ilifanya hivyo mwaka 2017 kwa picha za kazi zake zisizo na hakimiliki, na Rijksmuseum ya Amsterdam nayo inaruhusu. Zilizobaki ziombee ruhusa mara tu mada inapopitishwa, na barua za majibu uziweke kwenye faili moja na rasimu ya tasnifu.