Impala si gari moja: jibu kwa ndugu anayetaka kununua ya zamani

Ndugu yetu ameuliza mambo mawili: je, Chevrolet Impala ya 1958 na ile iliyoacha kuundwa 2020 ni gari lilelile? Na mtu mwenye akiba ya kawaida anunue ipi? Naishi Fort Worth, Texas, huu ni mwaka wa kumi na nne, na ninayo Impala ya 1978 ninayoiendesha karibu kila Jumamosi. Nitasema kwa urefu kwa sababu gari hili nalipenda.

Tuanze na jina. Impala ni swala pala, yuleyule wa mbugani kwetu. Neno lenyewe limetoka kwa Wazulu. Kwenye nembo anaruka, na ana pembe, kwa hiyo ni dume, maana jike hana. Mwanangu wa kwanza alimjua swala pala kwenye kishikio cha funguo zangu kabla hatujampeleka Mikumi. Alipowaona wale wenyewe alipiga kelele, "Baba, gari lako!"

Sasa swali lenyewe. Jina ni moja ila magari ni matatu.

La kwanza lilizaliwa 1958, General Motors, kampuni mama ya Chevrolet, ikitimiza miaka 50. Lilikuwa toleo la juu kabisa la Bel Air, gari jingine la Chevrolet, lenye milango miwili tu, na nyuma lina taa sita za duara, tatu kila upande. Mwaka uliofuata likasimama peke yake, likapewa yale mabawa ya nyuma yaliyolala kama ya popo. 1961 ikaja alama ya SS (Super Sport, yaani toleo la mbio) na injini ya inchi za ujazo 409, yaani kama lita 6.7. Kufikia 1965 Chevrolet waliuza Impala zaidi ya milioni moja kwa mwaka mmoja. Hapo ndipo penye picha mnazozipenda wote, hasa ya 1964, ambayo vijana wa Kimeksiko wa Los Angeles waliishusha hadi karibu na lami na kuifungia pampu za haidroliki ili ipande na kushuka kwa swichi. Walikuwa na sababu: tangu 1958 sheria ya California ilikataza gari ambalo sehemu yake yoyote iko chini ya ukingo wa chini wa rimu, hivyo walihitaji njia ya kuliinua haraka polisi akitokea.

Lakini kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji, nami nalisema kwa sababu nina watoto. Kuanzia 1958 hadi 1964 chasisi ya Impala ilikuwa na umbo la X. Imebana katikati, pembeni chini ya milango hakuna mhimili wa chasisi. Mwaka 2009 taasisi ya Marekani inayopima usalama wa magari iligonganisha Bel Air ya 1959, ambayo chini ni sawa na Impala ya mwaka huo, na Malibu ya 2009, gari jipya la Chevrolet la wakati huo, kila moja ikienda kilometa 64 kwa saa. Tazama picha zake. Chumba cha ile ya zamani kilijikunja, usukani ukamfuata dereva. Ya 1964 ni nzuri kuliko zote kwa macho, nakubali kabisa. Kuipakia familia kwenye barabara kuu za Texas, hapana. Chasisi ya kuzunguka pembeni ilikuja na bodi mpya ya 1965.

Baada ya hapo gari likanenepa mwaka hadi mwaka. Ile ya 1976 ina urefu wa sentimita 566! Mafuta yalikuwa yamepanda tangu vita vya Waarabu na Israeli vya Oktoba 1973, na Desemba 1975 Marekani ikapitisha sheria ya kuwabana watengenezaji kuhusu ulaji wa mafuta. Ndipo ikaja ya 1977, na hii ndiyo ninayoitetea. Waliipunguza urefu kwa sentimita 27 hivi, wakaondoa karibu kilo 300, lakini paa wakaliinua na buti wakalitanua, kwa hiyo ndani kukawa na nafasi zaidi ya ile kubwa. Ndugu yake Caprice, gari la Chevrolet la bodi hiyohiyo ila la hadhi zaidi, akapewa tuzo ya gari la mwaka na jarida la Motor Trend. Injini za V8 (silinda nane) za miaka hiyo hazina mbio. Yangu ya lita 5 ina nguvu za farasi 145 tu. Lakini ni kabureta moja, waya chache, na mkono unafika kila mahali. Nimejifunza ufundi juu ya injini hiyo, pamoja na rafiki yangu Mkongo wa Bukavu ambaye anasikiliza injini kama daktari anavyosikiliza kifua.

Impala ya namna hii iliachwa 1985, Caprice ikaendelea. La pili ni lile la 1994 hadi 1996, Impala SS: bodi ya Caprice ya wakati huo, magurudumu ya inchi 17, V8 ya lita 5.7 yenye farasi 260. Liliundwa Arlington, mwendo mfupi kutoka kwangu. Yalitoka karibu 70,000, kisha kiwanda kikageuzwa kuunda magari makubwa ya familia yaliyoinuka kama Tahoe, kwa kuwa ndiko faida ilikokuwa. Mzee aliyeniuzia langu alifanya kazi humo. Aliniambia siku ya mwisho watu walikuwa wakiligusa tu, hawasemi.

La tatu, kuanzia 2000, huvutwa na magurudumu ya mbele wala halina chasisi ya peke yake. Ni gari la kazini. Sina zaidi.

Kwa hiyo nunua ya 1977, 1978 au 1979. Spea zipo na bei bado haijapaa kama ya 1964. Ila sikia kilichonipata. Kabla ya hii nililipia moja ya Ohio kwa picha tu, rangi inang'aa. Ilipofika tukainyanyua: chumvi wanayomwaga barabarani msimu wa theluji ilikuwa imeila chasisi juu ya magurudumu ya nyuma, bisibisi inapenya kama kwenye muhogo uliooza. Pesa yote ilipotea. Tafuta gari la Texas, Arizona au New Mexico. Nenda na tochi na nyundo ndogo, lala chini, gonga chasisi kuanzia nyuma ya mlango wa nyuma hadi bampa. Mlio ukiwa mkali, endelea na mazungumzo. Ukiwa mzito kama wa ubao, funga mfuko. Na muuzaji akikutumia picha ishirini bila hata moja ya chini, iombe hiyo kabla ya kuuliza bei.