Shangazi Anajibu: Tufunge Ndoa Saadani Siku za Pasaka, Bila Kumwambia Mtu?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Jinja, na mchumba wangu ni mhasibu Kampala. Mwaka jana tulianza mikutano ya harusi, na kufikia mkutano wa nne kamati ilikuwa imekwisha kupanga wageni 400, mahema, keki ya ghorofa sita na msafara wa magari tusioweza kuugharimia, huku wazazi wa pande zote mbili wakibishana juu ya tarehe. Tumechoka. Tumeona picha za wapenzi wa Marekani ambao, majira ya kuchipua yakifika, huenda wawili tu katika hifadhi ya taifa iliyo kando ya bahari na kuoana mbele ya mawimbi, jua likizama. Nasi tumeamua kufanya hivyo Saadani, hifadhi ya taifa ya pwani ya Tanzania, katika siku nne za Pasaka. Tutaondoka Alhamisi usiku kimyakimya, na Jumatatu tutarudi tukiwa mume na mke. Je, inawezekana, na tujiandae vipi?
Mwalimu, Jinja

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kuoana bila kamati kunawezekana kabisa, tena wakati mwingine ni busara. Kuoana katika siku nne mlizozitaja, katika nchi isiyo yenu, ndiko kusikowezekana. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inawataka wanaotaka kuoana watoe taarifa kwa msajili angalau siku 21 kabla ya ndoa, na kwa kuwa ninyi ni wageni mtatakiwa pia kuonyesha hati kutoka kwenu inayothibitisha kwamba hakuna kati yenu aliye katika ndoa nyingine. Msidhani mkihamia pwani ya Kenya mtakuwa mmekwepa jambo hilo, kwani Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 nayo inataka siku 21. Mkifika Saadani Ijumaa Kuu bila maandalizi hayo, mtaweza kuapiana mbele ya mawimbi mpaka koo zikauke, lakini Jumatatu mtarudi Jinja mkiwa wachumba vilevile.

Ushauri wangu ni kwamba mtenganishe mambo mawili ambayo picha zile zimeyachanganya, yaani kufunga ndoa na kusherehekea ndoa. La kwanza lifanyeni hapa Uganda, kwa msajili. Mtatoa taarifa, siku 21 zitapita, mtapewa cheti cha kuwaruhusu, nanyi mtatakiwa kuoana ndani ya miezi mitatu tangu siku ya taarifa, vinginevyo taarifa hiyo inakufa na mnaanza upya. Angalau mmoja wenu awe amekaa katika wilaya husika siku 15 kabla ya cheti kutolewa, sharti ambalo wewe wa Jinja na mwenzako wa Kampala hamtapata taabu kulitimiza. Siku yenyewe mnahitaji mashahidi wawili tu, na shughuli hufanyika kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri. Kisha baharini mwende mkiwa mume na mke, mkasomeane ahadi zenu bila kumwogopa karani yeyote.

Lakini hapo pana jambo ambalo huenda hamkulitarajia. Sheria yetu inataka taarifa ya ndoa ibandikwe mahali pa wazi katika ofisi ya msajili ili yeyote aisome, inamruhusu mwenye sababu kuweka pingamizi, na inaamuru kwamba ndoa ifungwe milango ikiwa wazi. Wengi huliona hili la milango kuwa mapambo ya maneno ya kikoloni. Mimi naliona kuwa kiini cha sheria nzima, kwa sababu ndoa ya serikali inaweza kuwa ndogo kadiri mnavyotaka, ila haiwezi kuwa ya siri. Mjomba wako akipita ofisini kufuatilia cheti chake, atalisoma jina lako ukutani.

Sasa nije kwenye bahari. Majira ya kuchipua ni ya nchi zenye theluji, ambako mwezi wa Aprili barafu huyeyuka na maua huanza kutokeza. Pwani ya Tanzania Aprili ni kilele cha masika. Barabara nyingi ndani ya Saadani ni za udongo, na sehemu zenye udongo mweusi hugeuka tope linalonasa hata magari yenye nguvu. Baadhi ya kambi za pwani hufunga milango mpaka mvua zipite. Wewe ni mwalimu, na Pasaka huangukia katikati ya muhula wa kwanza. Likizo inayofuata muhula wa pili, mwishoni mwa Agosti na kuingia Septemba, ingewafaa zaidi, maana wakati huo ni kiangazi, upepo wa kusi unavuma, na wanyama huonekana kwa urahisi kwa kuwa nyasi zimepungua na maji yamebaki sehemu chache.

Kuhusu jua linalozama baharini, samahani kuwavunja moyo. Picha mlizoziona bila shaka zilipigwa kwenye pwani inayotazama magharibi. Saadani inatazama mashariki, kwa hiyo baharini jua huchomoza, na jioni huzama nyuma yenu, porini. Mimi ningechagua alfajiri: muwe ufukweni kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, joto halijaanza, na hakuna mtu ila nyinyi na askari wa hifadhi.

Hata hivyo, jua peke yake halitoshi, mtazame na maji. Sisi tuliokulia kando ya Nyanza tumezoea ziwa linalokaa mahali pake, tukasahau kwamba bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika zipatazo 50. Mwezi ukiwa mpevu au mchanga huwa ni bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana, na katika pwani yetu siku hizo hujaa kama saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa kama saa nne. Ufuko mpana mliouona asubuhi unaweza kuwa ukanda mwembamba wa mchanga ifikapo alasiri, au kinyume chake, mkafika na kukuta bahari imekwenda mbali, mbele yenu pakiwa na matope na kaa tu. Na kwa kuwa tarehe ya Pasaka hukokotolewa kwa kufuata mwezi mpevu, mpango wenu ulikuwa unaelekea kwenye bamvua au siku chache baada yake. Waulizeni wavuvi wa kijiji cha Saadani, au mwenyeji wa kambi yenu, kabla ya kupanga saa.

Mkumbuke pia kwamba pale ni hifadhi, si ufuko wa hoteli. Saadani, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ina tembo, simba, twiga na nyati, na Mto Wami unaomwaga maji yake kusini una viboko na mamba. Hamtembei kwa miguu bila askari mwenye silaha. Andikeni mapema kwa uongozi wa hifadhi mkieleza kwamba mnataka faragha ya saa moja ufukweni, mko wangapi, na kama mtakuwa na mpiga picha, kwa maana upigaji picha wa kazi na ndege zisizo na rubani huhitaji vibali vyake. Kwenye ufuko wa Madete kasa wa kijani hupanda kutaga mayai, basi msiwashe moto wala taa kali usiku, na msitawanye maua ya plastiki. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, hata ile mtakayofungia gauni. Jambo dogo ambalo bwana harusi atanishukuru kwalo ni kwamba kuna mbung'o, na mbung'o huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi. Suti ya buluu iliyoiva aiache Kampala.

Safari yenyewe sitaielezea sana. Mnaweza kuruka kutoka Entebbe hadi Dar es Salaam, kisha mkaenda kwa gari kupitia Bagamoyo. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano mtadaiwa, kwa kuwa mnatoka Uganda. Kitambulisho cha taifa kinachowavusha kuingia Kenya hakitoshi Tanzania, kwa hiyo pasipoti ziwe tayari, nazo zitawasaidia langoni, ambako raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni wa Ulaya.

Nimebakiza wazazi, kwa sababu naona barua yako imewapita haraka. Umeandika kwamba mtaondoka "kimyakimya". Katika jamii nyingi za Uganda, binti akiondoka hivyo husemwa ametoroshwa, na kwa kimila hilo ni kosa la mwanamume dhidi ya ukoo wako, kosa lenye faini na maneno ya miaka mingi. Kisheria hawawezi kuwazuia kama mmetimiza miaka 18 na hakuna kizuizi, na ndoa ya msajili haidai mahari ili iwe halali. Mahakama ya Juu Kabisa ya Uganda ilisema mwaka 2015 kwamba mahari yenyewe haipingani na Katiba, bali kudai irudishwe ndoa inapovunjika ndiko kunakopingana nayo. Basi haki mnayo. Swali langu ni kama wazazi wenu ndio waliowachosha. Kwa jinsi ulivyoandika, nasikia kamati, keki na msafara wa magari. Wazazi nasikia wakibishana juu ya tarehe, na ugomvi wa tarehe humalizwa na mtu mmoja anayeheshimiwa pande zote. Mtafute ssenga wako, yaani dada wa baba yako, umweleze kila kitu, naye aende kwa baba yako kabla jina lako halijabandikwa ukutani. Fanyeni utambulisho wa watu wachache nyumbani, muivunje kamati kwa shukrani na kuwarudishia watu michango waliyokwisha kutoa, na mmoja wa mashahidi wenu kwa msajili awe mzazi au anayesimama mahali pake. Kwenda Saadani wawili tu baada ya hapo si kutoroka, ni fungate.

SWALI: Shangazi, nimefurahi kusikia kwamba mtajibu maswali ya ndoa za kando ya bahari. Mchumba wangu ni raia wa Marekani anayeishi Seattle, na anataka tuoane mwezi wa Aprili katika Hifadhi ya Taifa ya Olympic, sisi wawili tu. Dada yangu ananishauri nifunge kwanza ndoa ya serikali hapa Mbale ili niwe na uhakika. Nifanyeje?
Msomaji wa Mbale

JIBU: Kwako wewe jibu ni kinyume kabisa na la mwalimu wa Jinja. Kama mnaomba viza ya mchumba, ambayo raia wa Marekani ndiye anayeiombea, usifunge ndoa Mbale, kwa sababu ukishaolewa wewe si mchumba tena na ombi hilo linaanguka. Itabidi mfuate njia ya viza ya mke. Ukiingia kwa viza ya mchumba mna siku 90 za kuoana, na mwanamume awe ni huyohuyo aliyekuombea.

Katika jimbo la Washington, iliko hifadhi hiyo, mtachukua leseni ya ndoa, mtasubiri siku 3 kabla ya kuitumia, na itakufa baada ya siku 60. Mashahidi wawili wanahitajika hata huko, kwa hiyo "sisi wawili tu" ni kauli ya mapenzi, si ya sheria: mtakuwa watano mkimhesabu mfungishaji ndoa na mashahidi. Sherehe ndani ya hifadhi, hata ya watu watano, inahitaji kibali kinachoombwa mapema. Olympic ilianzishwa mwaka 1938 na ukanda wake wa pwani ukaongezwa mwaka 1953. Fuko za Ruby Beach na Rialto Beach zinatazama magharibi, na huko ndiko jua huzama baharini kweli, ikiwa mawingu yatawaruhusu kuliona. Aprili ni majira ya kuchipua kwa jina, lakini kwa mtu aliyezaliwa chini ya Mlima Elgon ni baridi ya kutetemesha meno, na mvua hunyesha siku nyingi za mwezi. Vaa nguo za sufu chini ya gauni na viatu vya mpira. Magogo makubwa yaliyolala ufukweni, ambayo kila mtu hupenda kupigia picha, msiyakalie maji yanapojaa. Wimbi moja hulibingirisha gogo la tani kadhaa kama kijiti, na watu wamekufa hivyo.

SWALI: Shangazi, asalamu alaikumu. Je, sisi Waislamu tunaweza kufungia nikahi ufukweni, bila walii, kama wote wawili tumeridhiana?
Kijana wa Bombo

JIBU: Waalaikumu salamu, mwanangu. Ufuko hauna tatizo, kwani nikahi haifungwi na kuta za msikiti. Walii, yaani msimamizi wa mwanamke katika ndoa, ndiye tatizo. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu Uganda tunayafuata, nikahi haiwi sahihi bila walii wa mwanamke na mashahidi wawili, na kuridhiana kwenu hakuzibi nafasi yake. Baba yake akishindwa kusafiri anaweza kumteua mtu mwingine amwakilishe, kwa kauli iliyo wazi mbele ya mashahidi, na akikataa bila sababu ya kisheria mnapeleka jambo hilo kwa kadhi, ambaye anaweza kusimama mahali pake. Kaanze kwa huyo mzee, na uende na mjomba wako, usiende peke yako.