Matongotongo ya paka: lini umpeleke kwa daktari

Pole sana, ndugu. Umesema paka wako wa miezi minne anatoa matongotongo ya manjano jicho moja tangu juzi, na unauliza kama umtilie dawa ya macho iliyobaki ya mwanao. Tafadhali usimtilie. Baadhi ya dawa hizo zina steroidi, yaani dawa ya kupunguza uvimbe, na kama konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, ina kidonda, steroidi hukizidisha hata jicho likatoboka.

Matongotongo machache ya kahawia asubuhi, jicho likiwa wazi na angavu, yafute tu. Ya manjano au kijani ni jambo jingine: mara nyingi ni maambukizi, na kwa paka wadogo chanzo kikubwa ni virusi vya hapesi vya paka au bakteria wa klamidia. Kama una paka wengine, mtenge, na vyombo vyake pia.

Kwa umri wake, mimi ningempeleka kwa daktari wa mifugo leo au kesho. Ukiona analifumba jicho, analikuna, limeingia ukungu, mboni hazilingani au amegoma kula, usingoje kabisa. Pua ikiziba hanusi chakula, na paka mdogo asiyekula hudhoofika upesi mno.

Kwa sasa chovya pamba kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa, lainisha magamba, kisha futa taratibu kutoka pembe ya ndani kwenda nje. Kila jicho na pamba yake, na unawe mikono kwa sabuni.