Tundu la ribiti likienda kombo: pima kwanza, keekee ingoje

Anayejenga ndege yake mwenyewe kwa mabati ya aluminiamu hutoboa maelfu ya matundu ya ribiti (pini za kuunganisha mabati, ambazo hugongwa hadi shina livimbe na kujaza tundu) kabla ndege hiyo haijaruka, na ni lazima baadhi yake yaende kombo. Tundu moja bovu kwa kawaida halimaanishi kwamba kipande kizima kimeharibika. Kwa niliyoyaona katika karakana yangu na za wenzangu ninaosaidiana nao, vipande vingi hupotea kutokana na yale yanayofanywa dakika chache baada ya kosa, pale mjenzi anapokimbilia biti kubwa zaidi na kupanua tundu kabla hajajua ni bati kiasi gani limebaki pembeni.

Kwa hiyo iweke keekee chini, uchukue kalipa, na upime umbali kutoka katikati ya tundu hadi ukingo wa bati. Kanuni ya kawaida ni kwamba umbali huo usipungue mara mbili ya kipenyo cha ribiti, na kwa ribiti ambazo kichwa chake huzama ndani ya bati ni vyema ufike mara mbili na nusu. Chukua mfano wa ribiti ya inchi 1/8, ambayo ni takriban milimita 3.2, iliyo milimita 7 kutoka ukingoni. Kwa ukubwa huo uko salama, kwa kuwa kinachohitajika ni milimita 6.4. Ukipanua tundu lipokee ribiti ya inchi 5/32, yaani takriban milimita 4, sasa unahitaji karibu milimita 8, na huna. Utakuwa umeondoa kasoro ya tundu na kuleta udhaifu wa ukingo, ambao ni mgumu zaidi kuuponya.

Iwapo nafasi inatosha pande zote, kupanda saizi moja ni dawa nzuri ya tundu lililolegea. Tundu la ribiti ya inchi 1/8 hutobolewa kwa biti namba 30, na la inchi 5/32 kwa namba 21 (katika biti hizi, namba ikiwa ndogo biti ni nene zaidi). Usiiache ribiti ndogo ndani ya tundu pana kwa matumaini kwamba itavimba na kulijaza, kwani katika mabati membamba shina lake hujipinda, au huvimba katikati ya mabati mawili na kuyatenganisha. Zipo pia ribiti za matengenezo zenye namba ya kiwango NAS1241, ambazo shina lake ni nene lakini kichwa ni cha saizi ndogo. Hizo hufaa sana pale ambapo bati limekwisha kubonyezwa ili kichwa kizame, na hutaki kulibonyeza upya.

Tundu linalosumbua kuliko yote ni lile lenye umbo la nane, yaani matundu mawili yaliyoingiliana. Hapa hesabu ndogo huamua. Biti namba 30 ina kipenyo cha takriban milimita 3.26 na namba 21 takriban milimita 4.04. Ikiwa vitovu vya matundu hayo mawili vimeachana kwa chini ya milimita 0.7, biti kubwa inaweza kuyameza yote na kuacha duara safi. Lakini ukiielekeza biti hiyo moja kwa moja kwenye nane, itateleza kufuata upande wenye upenyo na kukuachia yai. Mimi huanza kwa tupa ndogo ya mviringo, nikikwangua kidogo kidogo kile kiuno cha nane hadi uwazi uwe sawa pande zote za kitovu ninachokitaka. Kisha hubana juu yake kipande cha chuma kilichotobolewa kwa saizi sahihi, ili kiiongoze biti isitangetange. Kazi hii huchukua muda, lakini kila bati lililookolewa namna hii limenithibitishia kwamba muda huo haukupotea.

Vitovu vikiwa vimeachana zaidi ya hapo, acha kupanua. Lainisha kingo za tundu hilo pasibaki mkwaruzo wala pembe kali, kwa sababu nyufa huanzia hapo, kisha uliza kama unaweza kuongeza ribiti jirani, ukizingatia kwamba vitovu vya ribiti visikaribiane kuliko mara tatu ya kipenyo. Pengine kitahitajika kiraka cha bati la aina ileile upande wa nyuma. Kuziba kwa gundi au kwa kulehemu si tiba: gundi haibebi mzigo ambao ribiti ingebeba, na aluminiamu ya 2024-T3, aloi ngumu inayotumika sana kwenye ngozi za ndege, hupoteza nguvu zake kwa joto la kulehemu.

Jambo jingine ni kuondoa ribiti, maana matundu mengi mabovu huzaliwa hapo. Ribiti ambayo kichwa chake cha pili, kile kinachoundwa kwa kuigonga, kimeinama kidogo mara nyingi ni afadhali iachwe kuliko kung'olewa. Ikibidi itoke, kile kishimo kidogo kilicho kwenye kichwa cha ribiti za AD (herufi za aina ya aloi yake) kitakusaidia kuiweka biti katikati. Tumia biti yenye saizi moja chini, toboa kina cha kichwa tu, kivunje kwa kukiinamisha, halafu litoe shina kwa panchi huku mtu amekinga bati kwa nyuma kwa ubao wenye uwazi.

Yote haya nayasema kuhusu ngozi ya ndege na mbavu za kawaida. Mhimili mkuu wa bawa, maungio ya injini na bawaba za usukani ni habari nyingine, na hapo siamui peke yangu hata kama hesabu inaonekana kunikubalia. Mwongozo wa AC 43.13-1B wa FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, unaeleza vizuri ukarabati wa mabati, lakini anayejua mzigo unaopita katika mhimili huo ni aliyeubuni. Mwandikie kabla ya kugusa kitu, ukimtumia picha iliyopigwa wima juu ya tundu pamoja na rula, namba ya kipande, unene wa bati, na umbali hadi ukingo na hadi ribiti za pande zote mbili. Jibu lake lihifadhi katika daftari la ujenzi, kwa kuwa mkaguzi atataka kujua kwa nini mahali hapo hapafanani na mchoro.