Muulize Fundi: Dai (kalibu ya chuma) ya kukalisha vichwa vya risasi

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Shela, Malindi, na kwa sasa naishi jimbo la Texas, Marekani, ambako watu wengi huwinda kulungu na hujijazia risasi zao wenyewe nyumbani. Nimenunua presi, ile mashine ya mkono ya kushindilia, na seti ya dai za kawaida, yaani kalibu za chuma zinazofungwa juu yake, za risasi ya bunduki ya aina ya .30-06, lakini risasi zangu hazilingani urefu: nikipima kwa kalipa (kipimo chenye taya mbili), moja ina milimita 83.90, inayofuata 84.05, na nyingine 83.95, ilhali skrubu ya dai sijaigusa. Isitoshe, kila kichwa, yaani kile kipande kinachoruka risasi ikipigwa, hutoka na alama ya duara karibu na ncha. Rafiki yangu ananihimiza ninunue dai yenye maikromita, yaani skrubu yenye alama za kupimia kina, ambayo bei yake ni mara kadhaa ya hii niliyo nayo. Je, nimsikilize?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usimsikilize bado, kwa sababu dalili zote mbili ulizozitaja zinaweza kukupata hata ukiwa na dai ya bei kubwa kuliko zote dukani.

Tazama kwanza dai yako inafanya nini. Ganda lililokwisha kurudishwa kwenye kipimo chake, kutiwa kiwashio na kujazwa baruti hupandishwa na presi hadi ndani ya dai, na huko kisukumio kilicho katikati hukizamisha kichwa shingoni mwa ganda kwa kina ulichokipanga. Kisukumio hicho, kikiwa kimechongwa vizuri, hakikigusi kichwa nchani. Hukishika chini ya ncha, pale ambapo kichwa kimeanza kunenepa. Kwa hiyo unapopima kutoka kitako cha ganda hadi nchani, unapima sehemu ambayo dai haikuishughulikia kabisa. Vichwa vyenye tundu nchani hutoka kiwandani vikipitana kidogo kwa urefu, na vile vya kuwindia ambavyo madini ya risasi yameachwa wazi nchani hubonyea vikigongana ndani ya boksi. Tofauti unayoiona huenda ni ya ncha tu.

Badala ya dai mpya, nunua kile kifaa kidogo kinachofungwa kwenye taya ya kalipa, chenye tundu linalokishika kichwa ubavuni na si nchani. Pima risasi kumi kwa njia hiyo. Zikipitana kwa milimita 0.05 au chini yake, dai yako haina kosa, na fedha zako zibaki mfukoni. Zikiendelea kupitana sana, angalia kwanza kama nati ya kufungia dai imelegea, kisha uyaangalie maganda yenyewe: ukichanganya ya viwanda mbalimbali, au yaliyopigwa mara moja na yaliyopigwa mara nyingi, shingo nyingine zitakibana kichwa kwa nguvu na nyingine kwa ulegevu, na kina kitabadilika hata kama mkono wako unaivuta presi vilevile kila mara. Mdomo wa ganda nao usipochongwa ukingo wake wa ndani hukikwaruza kichwa na kukizuia kuingia kwa ulaini.

Kuhusu alama ya duara, kifungue kisukumio, kitoe, uingize kichwa ndani yake kwa mkono na kukizungusha taratibu. Utaona mara moja kinapogusia. Kama ncha inagota ndani kabla ubavu haujashikwa, umbo la kisukumio halilingani na kichwa chako, jambo linalowapata sana wanaotumia vile vichwa virefu vilivyochongoka mno. Watengenezaji wengi wa dai huuza visukumio vya vichwa vya namna hiyo pekee, na bei yake si ya kutisha. Kama ubavu unashikwa lakini na ukingo mkali, usugue ukingo huo kwa dawa laini ya kung'arishia chuma mpaka makali yaondoke, kisha ukisafishe kisukumio vizuri kabla ya kukirudisha. Alama inayoonekana kwa jicho lakini ukipitisha ukucha huwezi kuihisi, haina madhara, iache. Inayokata hadi ndani ya shaba iliyokifunika kichwa hutokea pia pale baruti ilipojaa ganda hadi kichwa kinaishindilia, na hapo rejea kwenye kitabu cha vipimo vya kujazia risasi uone kama ujazo huo umeruhusiwa kweli.

Sasa hebu uipange dai upya tangu mwanzo, kwani wengi huipanga mara moja siku ya kuinunua na hawarudi tena. Weka ganda tupu, lililokwisha kupita dai ya kwanza (ile inayolirudisha kwenye kipimo chake), kwenye kishikio chake na ulipandishe hadi mwisho wa mwendo wa presi. Kizungushe kisukumio juu kabisa, kisha ishushe dai kwa mkono mpaka uhisi imegusa mdomo wa ganda. Hapo ndipo penye ukingo wa kubana mdomo. Irudishe juu mzunguko mmoja mzima, ambao kwa nyuzi za kawaida za dai, yaani 14 kwa kila inchi, ni karibu milimita 1.8, ndipo uifunge nati. Bila nafasi hiyo, dai itakuwa inaubana mdomo huku kichwa kikiendelea kuzama, na shingo au bega la ganda linaweza kujikunja kiasi kwamba risasi haiingii chemba. Vichwa visivyo na mfuo wa kubania havihitaji kubanwa hata kidogo. Baada ya hapo tia kichwa, kishushe kisukumio kidogokidogo, pima, shusha tena, hadi ufikie urefu ulioandikwa kitabuni.

Kikomo cha urefu wa .30-06 ni milimita 84.84, nawe uko ndani yake. Lakini usidhani kwamba kuwa chini ya kikomo kunatosha. Kichwa kinapozama kupita kilichoandikwa, nafasi ya baruti hupungua na mgandamizo wa gesi risasi ikipigwa hupanda; katika maganda madogo ya bastola, kama ya milimita 9, hatari hiyo ni kubwa zaidi. Kinapoachwa nje mpaka kinagusa mifuo ya mtutu, mgandamizo hupanda vilevile. Ukibadilisha kichwa au kina chake, rudi kwenye ujazo wa baruti wa kuanzia wa kitabu kisha upande polepole.

Dai ya maikromita ina raha yake kwa mtu anayebadilisha aina za vichwa kila mara, kwani huandika namba na kuirudia, alama moja ikiwa kwa kawaida inchi 0.001, yaani milimita 0.025. Zile zenye bomba la chuma linalolishika ganda na kichwa vikiwa vimenyooka kabla ya kusukumwa zina faida zaidi, maana kichwa ni kama mlingoti wa jahazi: kikianza kuingia mshazari, hakitanyooka kikishafika chini. Kama risasi zako zitaonekana zimepinda ukizizungusha juu ya kipimo cha unyoofu, hiyo ndiyo dai ya kuifikiria.

SWALI: Fundi, mimi nina karakana ya mashine ya kukereza chuma hapa Malindi. Binamu yangu aliye ng'ambo amenitumia mchoro wa kisukumio cha dai akitaka nimkerezee. Ni kazi ninayoiweza. Niifanye?

JIBU: Uwezo wa mkono wako siutilii shaka, ndugu yangu. Ila hapa Kenya silaha na risasi ziko chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na ijapokuwa kipande hicho peke yake hakipigi mtu, sioni kwa nini ujitafutie maelezo ya kutoa siku mzigo utakapofunguliwa forodhani. Iulize Bodi ya Leseni za Silaha kwa maandishi kabla hujawasha mashine. Binamu yako naye mwambie kwamba huko aliko kipande hicho huuzwa tayari, kikiwa kimechongwa kwa umbo la kichwa anachokitumia, na gharama ya kukisafirisha kutoka Malindi itazidi bei yake.