Mkia wa Corgi: usikate

Dada, umeuliza kama watoto wa Corgi wako hapo Uingereza wakatwe mikia kwa kuwa ni mbwa wa kuswaga ng'ombe. Hapana. Tangu 2007 sheria imekataza, na ruhusa iliyobaki kwa baadhi ya mbwa wa kazi, kama wa polisi au wa kuwinda, haiwahusu mbwa wachungaji. Hoja kwamba ng'ombe watamkanyaga mkia nayo hainiingii akilini: Border Collie, mbwa wa kuchunga kondoo, anashinda malishoni na mkia wake mrefu, akikata kona kwa kasi unamsaidia asiyumbe. Akizaliwa mmoja mwenye mkia mfupi, sawa, ni maumbile. Ila usimpandishe na mwenzake wa hivyo, maana vijusi vinavyorithi jeni ya mkia mfupi kwa baba na mama hufa. Na manyoya yakichafuka nyuma, yapunguze kwa mkasi, usikate mkia.